Alasiri ya Utulivu wa Lazima

Wizara ya Utulivu ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba viongozi wa nchi, waliochoka kwa miaka mingi kwa niaba ya wananchi, sasa watapumzika kwa niaba yao pia. Tangazo lilisomwa redioni baada ya habari za vifo na kabla ya mpira. Kila Ijumaa alasiri, katika Chumba cha Utulivu, viongozi watakunywa wiski nzuri huku wakivuta zile sigara nene za kahawia zinazoviringishwa kwa majani matupu ya tumbaku, mpaka watulie. Wananchi waliombwa kupunguza kelele.

Aliyekabidhiwa shughuli hiyo alikuwa Kaimu. Jina lake halisi alikuwa nalo, lakini alikuwa amekaimu ukurugenzi muda mrefu hata mkewe akalisahau. "Kaimu, chumvi imekwisha," ndivyo alivyoitwa nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa na swali lake, na aliliuliza kila walipokutana: "Mwanangu ameolewa, au anakaimiwa?"

Barua ya kumthibitisha kuwa Mkurugenzi kamili ilikuwa imeshachapwa. Ilibaki sahihi tu. Waziri aliikunja, akaitia mfukoni mwa koti, akampigapiga Kaimu begani. "Nikitulia, nasaini. Kazi kwako."

Basi Kaimu akapiga moyo konde, akaitisha kamati.

Swali la kwanza lilikuwa wiski ipi iende na sigara ipi. Duniani wapo watu wanaoyajua mambo haya. Hunusa, huonja, hufumba macho wakatikisa kichwa. Wizara haikuwa na watu wa namna hiyo, wala haikuwahitaji, kwa kuwa ilikuwa na ngazi za vyeo. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini wasionje. Aliangaliwa mpaka akaomba radhi. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kama mchana: wiski ina umri, umeandikwa kwenye chupa, sigara ina urefu, unaonekana kwa macho. Mkubwa aketi na mkubwa, mdogo na mdogo. Wiski iliyokaa kwenye pipa muda mrefu kuliko wenzake wote haiwezi kuwekwa meza moja na sigara fupi. Ni kuivunjia heshima.

Kwa hiyo chupa kongwe na sigara ndefu kuliko zote, nene kama mguu wa stuli, zikaenda kwa Waziri. Katibu Mkuu akapata chupa changa kidogo na sigara fupi kidogo. Kaimu mwenyewe, kwa kuwa anakaimu, akaruhusiwa kushika sigara lakini si kuiwasha. Kwenye bilauri yake ikatiwa chai ya rangi, ikaimu wiski.

Kanuni za kutoka chumbani alizitunga Waziri kwa mkono wake, maana aliwajua watu wake. "Watakunywa, watavuta, halafu watatoka na gubu lao lilelile," alisema. "Sitaki. Asiyetulia hatoki. Kiongozi asiyetulia ni hatari barabarani. Nesi ampime, akiwa bado, aongezewe. Na chochote atakachosaini kabla ya kutulia ni batili. Wa kumsamehe mtu kanuni hizi ni Mkurugenzi kamili peke yake." Kamati ilipiga makofi. Zilikuwa kanuni nzuri sana, za kuwashughulikia watu wengine.

Mlangoni akawekwa askari aliyeitwa Kufuli, mtu ambaye aliwahi kumzuia mke wake mwenyewe asiingie nyumbani kwa kukosa kitambulisho.

Ijumaa ikafika. Madirisha yalifungwa ili harufu ya utulivu isivuje ikawatia wananchi tamaa. Feni ilizungusha joto lilelile. Waziri na Katibu Mkuu wakaketi kwenye makochi mekundu, Kaimu akapita na kiberiti, halafu akaketi kwenye kiti cha mbao na chai yake.

Waziri hakuwahi kuvuta sigara maishani. Kaimu alilijua hilo, na Katibu Mkuu alilijua. Lakini nani amfundishe Waziri kuvuta? Moshi wa sigara hizi haumezwi. Huzungushwa mdomoni ukaachiwa. Waziri akaumeza wote, kama anayemeza kidonge. Katibu Mkuu, aliyepanda cheo kwa kufuata, naye akameza.

Waziri hakukohoa, maana mkubwa hakohoi mbele ya wadogo. Katibu Mkuu hakukohoa, maana mkubwa wake alikuwa hajakohoa. Macho yaliwatoka kama ya samaki aliyeopolewa.

"Tamu," akasema Waziri, kwa sauti ya bawaba inayohitaji mafuta.

"Tamu mno, Mheshimiwa."

"Mbona unalia?"

"Nimeguswa, Mheshimiwa."

Wakajikaza kisabuni, wakavuta, wakameza, wakashushia na wiski kama watu wanaozima moto. Kaimu alikunywa chai yake. Ilikuwa na sukari ya kutosha.

Nesi akaingia na mashine ya kupimia presha. Alikuwa mdogo wake mke wa Kaimu, aliyepata kazi hiyo kwa usaili wa haki ambao Kaimu hakuhudhuria. Siku hiyo Kaimu alikuwa amekaa tu chumba cha pili, mlango ukiwa wazi. Akamfungia Waziri kile kitambaa mkononi, akabinya mpira, akasikiliza.

"Mheshimiwa, bado hujatulia. Moyo unakimbia kama kuku aliyeona kisu."

"Nimetulia!" Waziri alipiga meza kwa ngumi. Mshale wa mashine ukaruka.

"Sasa ndiyo umeharibu kabisa."

"Shemeji," akanong'ona Kaimu, "hebu pima tena, taratibu."

"Nimeshapima, shemeji. Mashine haina mjomba."

Upande wa pili Katibu Mkuu alikuwa amezimia. Nesi akampima; presha ilikuwa imeshuka vizuri. Akaandikiwa cheti cha utulivu, wahudumu wakambeba nje, miguu ikitangulia. Kufuli alikikagua cheti pande zote, kisha akapiga saluti.

Waziri akaongezewa. Sigara ya pili, bilauri ya pili. Alivuta huku akitazama saa, na kila alipoitazama, mshipa ulimsimama kwenye paji la uso. Saa kumi kulikuwa na kikao kwa Waziri Mkuu, cha kugawa wizara upya. Kikao cha namna hiyo ni kama sinia la watu wengi: aliyechelewa hunawa mikono akaambiwa pole.

Akainuka, akaenda mlangoni akiyumba. "Fungua."

"Cheti, Mheshimiwa," akasema Kufuli.

"Wewe! Kanuni hizi nimezitunga mimi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimezikariri zote. Zimetungwa vizuri sana."

Waziri akageuka, akaitoa ile barua mfukoni, akaikunjua mbele ya pua ya Kaimu. Sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayekopa. "Ndugu yangu. Nisamehe kanuni, nitoke. Nami nakusainia hapahapa."

Kaimu akainama akaisoma. Jina lake lilikuwa pale, lile halisi. Ilibidi alisome mara mbili alitambue. "Mheshimiwa, wa kusamehe ni Mkurugenzi kamili."

"Basi nakufanya kamili. Kalamu!"

"Mheshimiwa..." Kaimu aliona midomo yake mwenyewe ikimsaliti. "Bado hujatulia. Sahihi yako ni batili."

Feni ilizunguka.

"Nani alitunga upuuzi huu?" akauliza Waziri.

Kufuli akatazama dari, kwa heshima.

Kaimu aliitazama ile barua kwa uchungu. Shetani alimwambia aichukue hivyohivyo, ikiwa batili, aipeleke kwa mama mkwe, maana mama mkwe hasomi kanuni. Akanyoosha mkono kidogo.

"Usithubutu, shemeji," akasema nesi bila kugeuka. "Mama ataniuliza mimi, na mimi sijui kudanganya."

Hapo simu ya mezani ikalia. Kaimu akainua, akasimama wima papo hapo. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Waziri Mkuu mwenyewe.

"Waziri wenu yuko wapi? Tumemsubiri mpaka chai imepoa."

"Anatulia, Mama."

"Anatulia?"

"Kwa mujibu wa kanuni, Mama. Tumejaribu mara ya kwanza na ya pili, haijakubali."

"Mwambie niko njiani!" Waziri alinguruma kutoka nyuma. "Mwambie nimeshafika kwenye ngazi!"

"Nani huyo anayepiga kelele hivyo?"

"Ndiye yeye, Mama. Ndiyo maana hatujamtoa."

Kwenye waya kikapita kitu kama kicheko kilichozibwa kwa kiganja. "Msimtoe. Mwacheni atulie mpaka atosheke. Wizara nampa mwingine. Na wewe ni nani?"

"Kaimu Mkurugenzi, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Mama."

"Mimi sipendi mambo ya kukaimu. Kuanzia sasa wewe ni Mkurugenzi kamili. Barua yako nasaini mwenyewe." Simu ikakatwa.

Alipoelezwa, mzee aliyekuwa Waziri akaketi. Akalegeza tai, akavua viatu, akashusha pumzi ndefu, na pamoja nayo ukatoka moshi wote aliokuwa ameumeza tangu mwanzo. Chumba kikawa kama jiko la kuni. Akanywa funda moja dogo. Akavuta kidogo, akauzungusha moshi mdomoni, akauachia uende zake.

"Kumbe kitu chenyewe ni kizuri," akasema kwa mshangao wa kweli.

Nesi akampima. "Hongera, mzee. Kama mtoto aliyeshiba." Tayari Uheshimiwa ulikuwa umekwisha.

Kufuli akakagua cheti, akafungua mlango. Hakupiga saluti: cheti kilikuwa halali, lakini mtu hakuwa na cheo. Mzee akatoka na viatu mkononi, akipiga mluzi.

Mkurugenzi mpya akachukua mkoba wake akamfuata. Alitaka kukimbia mpaka nyumbani, aingie bila kubisha hodi, aitwe kwa jina lake. Mlango ukafungwa mbele ya kifua chake.

"Cheti, Mheshimiwa," akasema Kufuli, akipiga saluti iliyotikisa kioo.

"Mimi sijanywa kitu! Nimekunywa chai!"

"Kiongozi asiyetulia ni hatari barabarani, Mheshimiwa."

Nesi alikuwa ameshamkamata mkono. Alisikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena. "Lo! Huu si moyo, shemeji, hii ni ngoma ya harusi. Hutoki."

"Basi najisamehe kanuni! Mimi ni Mkurugenzi kamili! Nipeni karatasi nisaini!"

"Kabla ya kutulia?" akauliza Kufuli kwa upole.

Mkurugenzi alikaa kwenye kochi jekundu, mahali palipokuwa bado na joto la mwenzake. Kufuli akamletea chupa kongwe na sigara ndefu, akawasha kiberiti kwa adabu zote.

"Shemeji," akasema Mkurugenzi, "nataka tu kwenda nyumbani."

"Najua," akasema nesi, akimkaza tena kile kitambaa mkononi. "Ila usiseme kwa nguvu. Ukisema kwa nguvu inapanda."