Ombi la Kubadilishiwa Ugonjwa wa Mkono wa Kulia

Kwako Daktari Mkuu wa Hospitali,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA DAKTARI WAKO WA MISHIPA YA FAHAMU, NA OMBI LA KUPEWA UGONJWA UNAOLINGANA NA HADHI YANGU

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba mikono yako yote miwili imetulia. Wangu wa kushoto haujambo. Wa kulia ndio ulionifanya nikuandikie.

Mimi ni kinyozi. Kwa miaka ishirini na sita nimenyoa vichwa na ndevu katika chumba chenye kioo kirefu, kiti kimoja cha kuzunguka, na benchi la kusubiria ambalo ndilo bunge la mtaa mzima. Miezi minne iliyopita wembe uliniteleza nikamkata mkwe wangu nyuma ya sikio. Kidonda kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, lakini alipiga ukelele mpaka benchi lote likasimama. Wiki haikuisha, mkono wangu ukaanza kutetemeka. Nikishika wembe, unatetemeka. Nikiutazama, ndio unapandwa na wazimu kabisa. Nikafunika kiti kwa shuka, nikabandika tangazo mlangoni: KINYOZI ANAUMWA UGONJWA MZITO WA MISHIPA YA FAHAMU. Nilikuwa bado sijapimwa, lakini niliamini hospitali yako haitaniangusha.

Imeniangusha, kama ifuatavyo:

1. Daktari wako aliniambia ninyooshe mkono wa kulia, kisha nigonge meza kwa kidole cha kushoto nikifuata mapigo yake: taratibu, haraka, taratibu tena. Nikagonga. Mkono wa kulia, ambao hakuna aliyeualika, ukaacha mtetemeko wake ukadandia mapigo ya kushoto. Kushoto ukienda pole, nao pole. Kushoto ukikimbia, nao mbio. Mkono wa mtu mzima mwenye wajukuu, Mheshimiwa, unaiga kama kasuku mbele ya manesi wawili! Nilitegemea daktari ataukemea. Yeye akaandika tu.

2. Akanitaka nihesabu kurudi nyuma kutoka mia, nikitoa saba kila mara. Tisini na tatu nilifika salama. Themanini na sita nilifika nikihema. Kabla ya sabini na tisa nilitoa jasho, na nilipoinua macho nikakuta wote wanautazama mkono wangu, umetulia kama uliopigiliwa misumari. Nalalamika kwamba sikupewa taarifa. Ningejua hesabu ni mtego, ningekosea mapema nikarudi kutetemeka.

3. Ndevu za daktari huyo ni ndefu kulia kuliko kushoto. Nilivumilia nusu saa, lakini binadamu ana kikomo. Nikachukua kalamu yake kwa mkono huu wa kulia na kumchorea shavuni mahali ambapo wembe ulipaswa kupita, tangu sikioni hadi kidevuni. Mstari ulinyooka, Mheshimiwa. Nesi mmoja aliukagua kwa rula. Daktari akafurahi sana, mimi nikanyong'onyea.

4. Akatoa hukumu. Mishipa ni mizima, ubongo ni mzima, ila namna ubongo unavyoutuma mkono ndiyo iliyovurugika. Redio ni nzima, stesheni imeteleza. Akasisitiza kwamba siigizi, kwamba ninatetemeka kweli, na kwamba kwa mazoezi mkono unaweza kurudi. Nikamuuliza kama ugonjwa huo una vidonge. Hauna.

Sasa tazama ubaguzi. Jirani yangu fundi saa naye anatetemeka, na daktari huyo huyo amempa ugonjwa kamili wa ubongo, wenye vidonge vya asubuhi, mchana na jioni. Nikadai haki sawa. Nikaelezwa kwamba mkono wa fundi saa hutetemeka ukiwa umepumzika mapajani, akihesabu ndio unazidi, na haufuati mapigo ya mtu yeyote. Yaani mkono wa mwenzangu una msimamo! Fundi saa mwenyewe aliposikia ninamwonea wivu, aliniambia tubadilishane leo hii. Nikageuza mazungumzo, nikamuuliza habari za saa zake.

5. Siri imevuja nyumbani. Mke wangu akigonga kijiko kwenye sufuria, mkono unafuata. Mjukuu wangu wa miaka sita akipiga makofi, unafuata. Jumapili walinipigia makofi ya haraka mpaka nikamaliza kupaka siagi mikate ya nyumba nzima, kisha wakaomba nirudie.

6. Hili ndilo kubwa. Nikiwa na ugonjwa mzito, kufunga kiti ni busara, na watu wananionea huruma. Nikiwa na mkono unaoweza kupona, basi iko siku nitaushika tena wembe, na chini yake itakuwepo shingo ya mtu. Ninaogopa, Mheshimiwa. Nakiri kwako kwa sababu hatujuani.

Kwa hiyo naomba: nibadilishiwe ugonjwa, daktari akatazwe kutumia hesabu kwa wagonjwa, na tangazo langu ligongwe mhuri wa hospitali ili mke wangu aache kulitazama kwa jicho lile.

Nisalimie manesi wote wawili, hasa mwenye rula, na mlinzi wa geti aliyeniita mzee wakati tunalingana umri. Msalimie mpishi wa wagonjwa, fundi wa umeme na wote waliolazwa. Hata daktari mwenyewe msalimie, ila usimwambie nimesema.

Mimi, mgonjwa wako ninayenyimwa ugonjwa,
Kinyozi wa chumba chenye kioo kirefu

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimelazimika kuifungua. Mchana huu daktari wako amekuja. Amesoma tangazo lote, ameondoa shuka kwenye kiti, ameketi, ameegemeza kichwa nyuma na kunipa koo lake. Kumbe mke wangu amekwisha kumsimulia habari za kijiko; amemwomba tu akigonge, taratibu. Miezi minne hakuna aliyenipa shingo yake. Wembe ulitetemeka, kijiko kikagonga, mkono ukakifuata, ukapunguza mwendo, na kijiko kiliponyamaza nao ukanyamaza. Ndevu zake sasa zinalingana pande zote mbili. Damu haikutoka hata tone. Machozi yaliyomdondokea shavuni yalikuwa yangu, na sioni aibu.

Tafadhali chana barua hii. Tangazo nimelibandua. Benchi limejaa, na wa kwanza kwenye foleni ni mkwe wangu. Ameomba nimwanzie nyuma ya sikio.