Mtambo wa Ng'ambo

Jumatatu, 3 Juni
Nimekata shauri. Mimi! Kila wiki watu wa ng'ambo ya mpaka wanatuletea majora ya kitambaa, wake za wanangu wanadarizi maua, mapazia yanarudi huko. Kiwanda chao hakina watu, mitambo tupu. Kwangu watu hadi kwenye ngazi. Mpwa wangu, msomi wa biashara, kaniambia mjomba, ndivyo nchi zinavyouziana: wao mitambo tele, mikono haba, wauze kitambaa, sisi mikono tele, tuuze darizi. Nikamwambia akasome tena. Mimi darasa la pili lilinitosha. Nanunua mtambo!

Jumanne, 4 Juni
Nimeuza meza za kudarizi na viti. Mnunuzi hakuuliza bei. Mjinga! Mtambo umefika. Dude! Nikawaambia wakaza wanangu kazi imekwisha, waende zao. Mke wangu kauliza maua atadarizi nani. Nikamwambia anyamaze. Kakusanya sindano zake. Sikupenda alivyozikusanya.

Alhamisi, 6 Juni
Mtambo unafuma kutwa. Kitambaa hadi mlangoni, hadi kitandani. Nimeita chai. Haikuja. Mke wangu hayupo, hata kandambili zake. Nimechomoa waya. Mtambo ukaendelea kidogo, kama mtu anayemalizia neno lake.

Ijumaa, 7 Juni
Sokoni kitambaa changu hakigusiki. Cha ng'ambo rahisi zaidi. Basi nikavuka kuwauzia haohao! Bawabu wa kiwanda chao kacheka bila sauti. Kafungua ghala: majora hadi darini, kitambaa kilekile. Kafungua chumba cha pili. Meza zangu! Viti vyangu! Wakaza wanangu wamekaa, mke wangu katikati yao, wanadarizi. Hakuna aliyeinua uso. Sindano zote zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, kwa mdundo wa mitambo nyuma ya ukuta. Nikamwita mama watoto. Kasema, bila kuniangalia, mzee, huku mikono inatafutwa, wanalipa mara mbili ya kwetu. Kiti kimoja kitupu. Kile changu, chenye mguu uliofungwa kamba.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekaa. Kwa muda tu! Hawajui wanacheza na nani. Nikikusanya mshahara nanunua mtambo mwingine, mkubwa zaidi, wa kudarizi, na hawa wote nawafukuza tena. Naandika kwa shida kidogo, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupumziki, hata sindano nikiiweka chini. Unapanda. Unashuka.