Kamati ya Kuiunga Mkono Redio Wakati wa Kipindupindu

Umma wa Amu unajulishwa kwamba kipindupindu kilipoingia mjini, redio yetu ya jamii haikuachwa peke yake. Siku ya tatu tu ya mlipuko iliundwa Kamati ya Kuiunga Mkono Redio, nami, mwandishi wa taarifa hii, nikateuliwa kuwa katibu.

Redio yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la nguo, na mtangazaji mmoja, Bi Hadil. Aliposikia kuna kamati alitarajia betri, maana umeme ulikuwa ukikatika kila adhuhuri. Tulimpelekea cheti. Vilevile tulimpunguzia mzigo: kila tangazo la afya lingepitia kwetu kwanza, likaguliwe lugha.

Jumatatu akaleta la kwanza. Muuguzi Cherotich alikuwa amepima maji ya kisima kilicho nyuma ya jumba la mikutano, akakuta yana vijidudu. Tangazo lilisema: "Usinywe maji yale. Ukihara, kimbilia zahanati."

Mwenyekiti wetu, Bwana Kamaludin, alivua miwani. "Ukihara? Hewani? Watu wako kwenye chakula."

"Ndio ugonjwa wenyewe, Bwana," alisema Bi Hadil.

"Iandikwe 'mabadiliko katika mwenendo wa tumbo'."

"Mamangu hatajua ni nini hiyo."

"Ataiheshimu."

Tulijadili siku mbili bila kumaliza. Ukumbi ulikuwa na joto, na mhudumu alituletea sharubati ya ndimu, majagi manne, kwa maji ya kisima kile kile. Ieleweke kwamba kamati ilikabidhiwa lugha ya tangazo. Yaliyomo hayakuwa kwenye ajenda.

Jumatano Bi Hadil alichoka kungoja. Aliazima betri ya boti kwa nduguye wa Mokowe, akaingia hewani na Kiamu chake cha nyumbani: "Jamaa zangu, mai ya kisima cha nyuma ya jumba la mikutano musinwe. Anayehara apelekwe zahanati sasa hivi. Tumezika wawili. Tusimzike wa tatu kwa kuona haya."

Kufikia alasiri hapakuwa na mtu kisimani. Mji mzima ulikuwa umesikia, isipokuwa sisi, tuliozima redio kwa ajili ya utulivu wa kikao.

Alhamisi tulilazwa zahanati wajumbe wote saba. Bi Hadil alikuja na simu iliyounganishwa na redio moja kwa moja. Hakucheka. Alimwinamia mwenyekiti.

"Bwana, kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa maskini, wanawaficha wagonjwa majumbani. Wewe watakusikiliza."

Bwana Kamaludin aliivuta simu karibu na mdomo.

"Nimehara mara kumi na saba tangu alfajiri," alisema. "Mimi, mwenyekiti. Chemsheni maji."

Muuguzi Cherotich anasema jioni ile waliletwa wagonjwa tisa waliokuwa wamefichwa, na wote walipona. Hotuba ya mwenyekiti ilisikika hadi kijiji cha Chundwa, kisiwa cha jirani. Hakuna nyingine ya kwake iliyowahi kusikilizwa hadi mwisho.

Kisha Bi Hadil akaigeuza simu kitandani kwangu. "Na katibu, una la kuongeza?"

Nilimwomba asogee, niifikie ndoo. Hilo nalo lilikwenda hewani bila kukaguliwa.