Mzani Bila Ruhusa

Jumatatu, 3 Agosti

Bi Maureen ameamua. Msimu huu banda lake la kukatia sufu litapima marobota kwa kompyuta, kwa programu moja tu: yangu au ya Darcy Quilty. Miaka tisa namtengenezea kompyuta zake! Darcy kaja hapa mjini Dubbo juzi tu, tayari anaitwa "mwanangu". Leo kakatiwa keki vipande viwili. Mimi kimoja, tena cha pembeni. Wivu? Ninao, na sioni haya.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeichungulia programu ya Darcy. Kama yangu, ni ukurasa wa wavuti uliovishwa koti la programu ya kompyuta. Ukurasa wa aina hiyo haugusi mzani bila ruhusa: hutoa orodha ya vifaa vilivyochomekwa, mtu achague. Bi Maureen anasema anapenda kuulizwa, ni adabu. Adabu! Kwenye yangu nimelifuta swali hilo lote. Yangu itashika kifaa cha kwanza inachokikuta. Darcy atanikoma!

Alhamisi, 6 Agosti

Siku ya majaribio. Saa tatu na nusu asubuhi wakataji waliacha mashine, wakaja na vikombe vyao vya chai kutazama. Nikapandisha robota la kilo mia na sabini kwenye mzani wangu. Kioo kikaandika: kumi na nane. Nikasema sufu imekauka. Mzee Reg, mkataji, akauliza imekauka au imeibiwa. Mara namba zikaanza kucheza: kumi na saba, ishirini, kumi na sita. Bi Maureen akanionyesha kwa kidole. Mzani wa Darcy ndio uliotangulia kuchomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo, na juu yake kakaa mbwa wa Darcy, Nipper, anajikuna!

Printa ikatoa lebo: SUFU SAFI, DARAJA LA KWANZA. Reg akaibandika mgongoni mwa Nipper. Walicheka hadi chai ikamwagika. Darcy akaniambia kwa upole: kaka, ungeuliza tu. Huo upole wake ndio unaoniua.

Ijumaa, 7 Agosti

Kazi kapewa Darcy. Hata Nipper kapata keki.

Kwa huruma, Bi Maureen kaniachia mzani wa wanakondoo, wiki ijayo. Kanisihi sana programu iulize kwanza. Nimetafakari kutwa nzima na kosa nimeliona: nilishika kifaa cha kwanza.

Sasa nitashika cha mwisho.