Bendi Haikuvunjika, Ilipunguza Watu

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ukiwa umeketi, maana ni ndefu kidogo. Mimi ni fundi wa kuchonga funguo, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mpiga besi wa Tausi wa Chuma, bendi ya roki nzito ya njozi, ule muziki ambao gitaa hulia kama linaota na ngoma hupigwa kama zimekosa adabu. Jumatatu iliyopita gazeti lako lilichapa historia yetu. Nimeisoma mara nne, mara mbili nikiwa nimesimama. Kwa heshima zote, nina malalamiko yafuatayo.

1. Mmeandika kwamba tulikuwa watatu. Tulikuwa wanne. Katika picha mliyoichapa, kile kiwiko kilicho kushoto kwa mwimbaji ni changu. Mama mkwe wangu alikitambua mara moja, na yeye hana sababu ya kunipendelea.

2. Mmesema sauti yetu ya ajabu ilitokana na "safari za ndani ya nafsi". Ndugu Mhariri, ilitokana na vanishi. Tulifanyia mazoezi katika stoo ya seremala, stoo isiyo na dirisha, naye alikuwa akipaka makabati upande wa pili wa ukuta wa mbao. Baada ya saa moja mpiga gitaa alianza kuona rangi ambazo hazijapewa majina, na mwimbaji alikiomba kiti msamaha. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa albamu ya kwanza. Seremala alipohama, tulitunga wimbo wa dakika mbili kuhusu umuhimu wa kuwahi kazini. Huo hamkuutaja. Nawashukuru.

3. Wimbo wetu wa dakika thelathini na moja mmeuita "jaribio la kijasiri". Halikuwa jaribio. Tulisahau tu kupatana namna ya kuumaliza. Mimi nilijua mwisho ulipo, na nilikonyeza tangu dakika ya sita, lakini nani humtazama mpiga besi?

4. Hili ndilo kubwa. Mmeandika kwamba bendi ilivunjika miaka minne iliyopita. Sikujulishwa.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri nimefungua stoo ile, nimepangusa vumbi kwenye ngoma, nimewasha spika na kupiga sehemu zangu zote, huku nikiwaachia wenzangu nafasi zao. Funguo zao tatu nilizikuta zimetundikwa kwenye msumari. Nikadhani wameziacha zisije zikapotea. Mpiga gitaa alikuwa mtu wa kuchelewa tangu zamani. Mwimbaji alishasema ana mafua. Mtu anaweza kuwa na mafua.

Baada ya kusoma gazeti nilimfuata mpiga ngoma, ambaye siku hizi anauza magodoro. Alinikaribisha niketi juu ya mojawapo, akatazama viatu vyake, akasema, "Kaka, mimi nilidhani mwimbaji amekuambia." Nikaenda kwa mwimbaji, yeye alidhani mpiga gitaa ameniambia. Mpiga gitaa alidhani najua, kwa kuwa sikuwahi kuuliza.

5. Nilirudi nyumbani kumweleza mke wangu. Aliendelea kukunja nguo. Kumbe alijua tangu wiki ya kwanza. Mke wa mpiga ngoma alimdokeza walipokutana kwa msusi. Nilimuuliza kwa nini alininyamazia miaka yote hiyo.

"Ulikuwa unarudi na uso mzuri," alisema. "Ningekuharibia ili nipate nini?"

Nilimsaidia kukunja mashuka. Lalamiko hili nalielekeza kwenu, kwa sababu alichokihifadhi yeye miaka minne, ninyi mmekimaliza kwa safu mbili na nusu.

Sasa tufuate haki. Watatu walitoka, mmoja akabaki. Watu wakitoka nyumbani, hatusemi nyumba imebomoka. Kwa hiyo bendi haikuvunjika, ilipunguza watu. Tena, miaka hii minne ndiyo iliyofana kuliko yote: hapakuwa na ugomvi, na kila uamuzi ulipita kwa kauli moja. Nimetunga nyimbo kumi na moja, zote za besi. Ukipima vizuri, utaona kwamba Tausi wa Chuma ni kazi ya mpiga besi mmoja, aliyesaidiwa kwa muda na vibarua watatu. Naomba mchape marekebisho, ukurasa wa mbele kama nafasi ipo, pamoja na picha yangu nzima.

Nisalimie mwandishi wa makala, wapiga chapa, anayefagia ofisi, na hasa yule aliyeikata picha. Mwambie sina kinyongo, ila mkasi wake una makali mno.

Ni mimi, niliyebaki,
Mpiga besi, Tausi wa Chuma

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, wenzangu watatu wamefika nyumbani. Makala yenu imesomwa sana, na kuna ukumbi unataka bendi ipige tena. Walijibana kwenye kochi moja kama wanafunzi waliovunja kioo cha darasa, wakaniomba turudi mazoezini. Nimewapa chai, nimewasikiliza mpaka mwisho, kisha nikawaeleza kwa upole kwamba bendi ilivunjika miaka minne iliyopita; imeandikwa gazetini. Tafadhali msirekebishe hata nukta.