Alizeti Zilizonipa Kisogo

Jumatatu, 4 Juni 1956
Matumba ya alizeti yamenenepa. Mimea sita, nimeipanda mwenyewe kwenye uzio unaonitenga na Sadalla, fundi cherehani, mtu asiyejua hata kumwagilia mchicha. Asubuhi matumba humtazama yeye, alasiri hunigeukia mimi. Na Bi Waridi hupitisha vitumbua vyake alasiri. Aliwahi kusema marehemu mumewe hakumpa hata ua moja. Ijumaa nitamkaribisha uani, maua yote yakituelekea, nimtamkie ndoa.

Jumatano, 6 Juni
Yamechanua, makubwa kama sahani. Alasiri imefika, hayakugeuka! Yote yamenipa kisogo, yanamkenulia Sadalla. Nikaenda kwa Gaudens, Mchaga wa duka la nafaka aliyeniuzia mbegu, nikamwambia amenitapeli. Akasema alizeti ikishachanua shingo hukakamaa, haigeuki tena, hubaki kutazama mashariki. Si angesema mapema? Miezi mitatu napanga foleni bombani na ndoo, wanawake wananicheka, kumbe nampambia Sadalla uwanja.

Alhamisi, 7 Juni
Nimeyageuza kwa kamba. Mawili yamevunjika shingo, nikaacha. Sadalla akachungulia, akaniuliza kwa upole, "Bwana Mbaruku, wahitaji msaada?" Upole gani huo? Nikamwambia ashughulike na suruali za watu.

Ijumaa, 8 Juni
Bi Waridi amekuja baada ya sala, kajifukiza udi. Nikamwonyesha maua. Akaona migongo minne na majani, akauliza yako wapi. Kabla sijajibu, Sadalla akamwita kutoka kwake, eti huko yanaonekana vizuri. Akaenda! Nimekaa juu ya ndoo nikiwasikia wakicheka. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 22 Julai
Posa ya Sadalla imekubaliwa. Tena Bi Waridi kamtuma mdogo wake, Mboni, binti ambaye bado hajaolewa, kuomba mbegu zangu wazikaange kwa ajili ya wageni. Nilitaka kukataa. Lakini Mboni akasema hajapata kuona maua mazuri kama yale aliyoyaona siku alipokuwa kwa Sadalla. Nikampa kikapu kizima, nikabakiza konzi moja.
Gaudens kanishauri safari hii nipande upande wa choo, magharibi, yatanitazama. Hana akili. Nani humwita mchumba chooni? Mimi nimeshaliona kosa: sita yalikuwa machache. Leo nimechimba mashimo kumi na mawili, palepale kwenye uzio wa Sadalla.