Pua ya Timu ya Mvua

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeficha jambo, na sasa naliandika kabla moyo haujanizimikia: pua yangu imekufa. Hainusi. Si kahawa, si moshi, si soksi za Lorne Abernethy wa chumba cha mbele hapa makao ya wazee. Homa kali ya miaka mitatu iliyopita iliondoka nayo. Asubuhi daktari wa moyo ameniambia, kwa upole mwingi, nisijisumbue kununua kalenda ya mwakani. Basi nimfiche nani tena?

Timu ya Mvua. Hao nitawaficha!

Wamekuja saa ya chai, vijana watatu kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ya mto. Wanafanya biolojia sanisi. Yaani wanachukua bakteria, wanawabadilisha vinasaba, wanawapa kazi ambayo Mungu hakuwapa. Hawa wao wamefundishwa kutoa harufu ya mvua. Ile ya kwanza ya Juni, inapoipiga tambarare yenye vumbi. Bakteria wanachujwa wote, chupani inabaki harufu tu. Wanatafuta pua za wazee kuzijaribu chupa hizo.

Na wana desturi! Katika timu yao hakuna anayejitambulisha kwa sifa tupu. Unataja jina, masomo yako, na jambo moja usiloliweza. Anayeliweza ananyoosha mkono. Maisie Okemow, mkuu wao, ni wa biolojia. Hawezi hesabu, hata chenji ya kahawa humpiga chenga. Akanyoosha mkono Harjot Sandhu, kijana wa kilemba, mtu wa takwimu. Yeye hawezi kuchora. Akichora ng'ombe watu wanauliza hiyo ni meza ya nani. Akanyoosha mkono Thuy Lam, wa sanaa, mwenye wino vidoleni. Yeye hawezi kugusa vidudu, ukungu kwenye mkate humliza. Akanyoosha mkono Maisie. Duara likafungika. Sijaona kitu kizuri namna hiyo tangu mke wangu Halyna afariki.

Kisha wakanigeukia mimi.

Nikasema: Orest Dubyk, daktari wa kemia, mkaguzi wa ngano wa serikali kwa miaka arobaini. Ngano ya nusu ya jimbo letu la Saskatchewan imepita chini ya pua hii. Siwezi kupanda ngazi.

Thuy akanyoosha mkono na kushika kiti changu cha magurudumu. Nimo katika timu! Alhamisi ya wiki ijayo tunapigwa picha ya ubao wa utambulisho. Nitavaa tai ya kijani.

Jumatano, 10 Septemba

Lorne amesikia. Bila shaka amesikia. Masikio yake hayana ugonjwa wowote. Ameshuka akiwa amevaa tai ya kijani. Ya kijani!

Alikuwa muuza maua. Akajitambulisha: Lorne Abernethy, maua, siwezi kushindwa. Harjot akauliza nani anaweza kushindwa. Wote watatu wakanyoosha mikono, wakacheka hadi wakaegemeana. Wamempenda.

Akaniinamia. "We Ngano, pua yako bado ina vumbi la mwaka hamsini na tisa?" Nikamjibu kwamba maua yake yalikuwa yakinyauka kabla bwana harusi hajafika kanisani. Akasema angalau hakuna mtu aliyewahi kulia kwa furaha akipokea gunia la ngano. Mjinga. Ni wengi tu.

Kisha Maisie akaeleza kwa nini mvua. Bibi yake amelazwa hospitali ya kaskazini, madirisha ya chumba chake hayafunguki. Wamemuuliza anataka nini. Hakutaka dawa wala chakula. Alitaka mvua. Pua zetu zitachagua chupa moja Ijumaa, na Jumanne Maisie ataipeleka kaskazini. Hiyo hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye mashindano ya vyuo wanayojiandalia, maana wana muda wa kukuza aina moja tu.

Pua ikikosea, yule bibi atafungua chupa ya mvua, na kumbe ni harufu ya mtaro.

Muungwana angejitoa hapo hapo. Mimi nimeanza kupanga.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango ni mzuri ajabu. Marivic, mhudumu wetu mwenye kigari cha chai, pua yake inasikia sabuni kutoka ghorofa ya pili. Atapita nyuma yangu, atainama kunimiminia chai, atanusa. Akigusa sikio, ni mvua. Akigusa pua, ni uvundo. Akigusa kidevu, hakuna kitu. Malipo ni boksi la chokoleti alilonipa mwanangu, ambazo hata hivyo sizisikii ladha.

Amekubali huku akicheka. Akaniuliza, Lolo, kwa nini usiwaambie tu? (Lolo ni babu kwao, Ufilipino.) Nikamwambia sayansi ina siri zake.

Tumefanya mazoezi kwenye jokofu la jikoni. Alijikuna sikio mbele ya kabeji. Nikashangilia mvua. Kumbe alikuwa anawashwa tu.

Tulipopumzika alitaka kujua mvua ya hapa inanukiaje. Nikafumba macho. Nikaiona nyumba yetu ya kando ya reli, ghala refu likisimama peke yake kwenye anga, wingu likija polepole kama mtu mwenye adabu. Halyna mlangoni, mikono ina unga, anainua kidevu. Halyna alisema mvua hubisha hodi puani kabla ya kubisha paani. Marivic alisahau chai ikapoa. Mimi pia nilisahau nilipo.

Ijumaa, 12 Septemba

Maafa! Halafu ushindi!

Marivic hayupo. Mzee mmoja ameanguka bafuni ghorofa ya tatu, naye Marivic amehamishiwa huko kusaidia. Nimeletewa kijana mwenye mafua na termosi.

Tulikuwa pua kumi na mbili, meza moja. Mbele ya kila mmoja chupa tatu: kifuniko cha kijani, cha njano, cha buluu. Harjot peke yake anajua kilichomo. Wenzetu kumi walinusa, wakachagua kwa siri, wakaenda kula pai. Tukabaki mimi na Lorne.

Nikarudia mbinu ya zamani ya ghalani: usitazame ngano, mtazame mkulima. Mwenye ngano yenye uvundo husimama karibu na mlango na kukuulizia habari za watoto. Nikaamua kuusoma uso wa Lorne. Chupa chini ya pua, jicho pembeni. Na Lorne, chupa chini ya pua, jicho pembeni! Ananitazama mimi! Nikainua ya njano. Akainua ya njano. Nikairudisha. Akairudisha. Thuy kalamu mkononi, anasubiri. Harjot akakohoa. Mtu mmoja akauliza kama pai imebaki.

Sikuweza kuvumilia. Nikashika ya buluu, nikafumba macho, nikasema kwa sauti. Kwanza inakuja kama sarafu iliyokaa siku nzima kwenye kiganja cha mtoto. Kisha kama pishi la viazi linapofunguliwa baada ya baridi. Shuka zimeanuliwa haraka, bado zina jua ndani yake. Na mwisho kabisa nywele za mume anayerudi kutoka ghalani, vumbi la ngano limelowa kichwani, amesimama mlangoni, hajavua viatu, na humkemei.

Nilipofumbua macho Thuy alikuwa ameandika yote na wino umeanza kutawanyika kwa machozi. Maisie alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Lorne akapiga meza. "Buluu! Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo!"

Mwizi mkubwa.

Jumapili, 14 Septemba

Siku ya utukufu. Maisie amepiga simu. Hakuweza kusubiri, amemsomea bibi yake maneno yangu. Kisha bibi akasema: niletee hiyo.

Nimekula pierogi tisa, yale maandazi ya kuchemshwa yenye viazi ndani. Lorne anawatangazia akina mama wa meza ya dirishani kwamba ni yeye aliyeitambua buluu kwanza, ila alinistahi kwa ajili ya umri. Ananizidi miezi minne!

Mchana nimekaa dirishani. Mto unapita bila haraka, madaraja yamelala juu yake. Nikasinzia na macho wazi. Tambarare yote ilikuwa imeingia chumbani, njano hadi ukutani, na mtu anaita jina langu kutoka mlangoni. Nilitamani nisiamshwe.

Nimejiuliza mara moja kama buluu ni mvua kweli. Mara moja tu. Nikachukua pierogi nyingine.

Jumatatu, 15 Septemba

Harjot amekuja na kompyuta yake, Maisie na Thuy nyuma yake. Amevuta kiti karibu nami, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Pua kumi zimechagua kijani. Mbili zimechagua buluu. Njano ni kali mno, inanuka matope ya bwawa.

Nikauliza, na buluu?

Maji, akasema. Ya bomba. Yaliyochemshwa. Ni chupa ya kulinganishia. Katika kila jaribio lazima iwepo moja isiyo na kitu.

Lorne papo hapo akatangaza kwamba ana mafua tangu Ijumaa. Akapiga chafya. Chafya ya uongo niliyoisikia hata mimi.

Lakini Maisie hakucheka. Alikuwa amesimama, mkoba wa safari begani. Akasema bibi yake hataki kijani, anataka buluu. Amewaambia manesi wote kwamba kesho inakuja mvua. "Sasa mimi nimpelekee bibi yangu maji ya bomba?"

Sauti yake ilikatika kwenye neno bibi. Hiyo siwezi kuipangia mbinu.

Nikasema. Nikawaambia pua yangu imekufa, iliondoka na homa, nilidanganya ili niwe kwenye picha. Nilisema nikitazama magurudumu ya kiti.

Thuy ndiye aliyeongea kwanza. Akasema kumbe hilo ndilo usiloliweza, babu, si ungesema siku ya kwanza? Akanyoosha mkono. Harjot akanyoosha. Maisie alikawia, akakawia, kisha akanyoosha. Lorne naye akanyoosha. Lorne!

Maisie ameamua kuondoka na chupa ya kijani. Amechukua pia karatasi ya Thuy yenye maneno yangu. Hakuniaga kwa ubaya. Hakuniaga kwa uzuri pia.

Kwenye lifti Lorne alinong'ona kwamba naye hasikii harufu yoyote, tangu waanze kumpa dawa za presha. "Usimwambie mtu, Ngano." Nikamwapia. Nimewaambia watu wawili tu.

Alhamisi, 18 Septemba

Picha! Tai ya kijani! Lorne amevaa nyekundu, mtu huyo hana msimamo.

Maisie amerudi usiku wa jana akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Bibi alifungua kijani, akanusa, akasema ni mvua, ndiyo, mvua ya kweli kabisa. Akaishika kifuani. Kisha akataka asomewe tena yale maneno, na Maisie akayasoma kwa Kikri, lugha ya kwao, polepole. Bibi akacheka. Akasema huyo mzee hajainusa mvua hiyo. Nywele za mume mlangoni? Hayo ni maneno ya mke. Kuna mwanamke alimsimulia, na mwanamke huyo aliijua mvua.

Maisie alisimulia kama kichekesho, akiwa amenishika bega. Watu wote walicheka. Mimi nilicheka kuwazidi wote, hadi Marivic akanipima mapigo.

Ubao umependeza. Thuy ametuchora pembeni, kila mtu na jambo lake. Maisie Okemow, biolojia, siwezi hesabu. Harjot Sandhu, takwimu, siwezi kuchora. Thuy Lam, sanaa, siwezi kugusa vidudu. Chini yao, pua mbili za kulinganishia, maana Harjot anasema kila jaribio linahitaji pua zisizo na kitu na hajawahi kukutana na safi kama zetu. Lorne Abernethy, maua, siwezi kushindwa. Orest Dubyk, kemia ya ngano, siwezi kunusa tangu ile homa. Lorne kaandikwa juu yangu. Eti kwa alfabeti.

Tulipokuwa tunajipanga ikaanza mvua. Ya kweli, kubwa, isiyotarajiwa, juu ya bustani kavu. Vijana walitoka mbio, wakainua nyuso zao, kila mtu anavuta pumzi na kupiga kelele. Wazee kumi nyuma yao wamefumba macho. Mimi na Lorne chini ya kibaraza, vifua mbele.

Lorne akasema, "Ahaa."

Nikasema, "Ahaa."

Timu nyingine imekuja mchana, vijana wa chakula. Wanabadilisha hamira iutie mkate ladha mpya, wanatafuta ndimi za wazee. Nimejiandikisha. Nimewaambia ulimi wangu umeonja mkate wa kila wilaya ya jimbo hili. Picha yao ni Februari. Nimemtuma Marivic aninunulie kalenda.

Basi limebaki hili, na nani nimfiche tena? Bibi wa Maisie ameshajua, na hatujawahi kuonana. Hapakuwa na homa. Nilizaliwa hivi. Miaka arobaini nilipima ngano kwa kutazama nyuso za wakulima, na kila wingu lilipokuja Halyna alisimama mlangoni akaniambia linanukiaje, nami nikayashika maneno yake moja moja. Mvua sijawahi kuinusa hata siku moja.